Damu Isiyomjua Mama

Phikun alikuwa na kasoro moja ambayo wenzake wote waliijua: akifurahi, hawezi kukaa. Siku yalipotoka majibu ya kwanza ya damu ya Phu, aliizunguka maabara nzima ya chuo, Chiang Mai, akipiga meza kwa viganja, mpaka Mek, jirani yake wa meza, akaifunika mirija yake kwa mikono miwili kama kuku anayelinda vifaranga.

"Dada Phikun, hebu kaa chini! Utanimwagia kazi ya wiki nzima."

"Theluthi moja, Mek! Theluthi moja ya damu yake ni ya kichanga, na ni kijana wa miaka ishirini! Unasikia?"

"Nasikia. Hata mlinzi wa getini kasikia."

Tulieleze jambo hili kwa lugha ya nyumbani, maana Phikun mwenyewe akianza kulieleza atamaliza chai yake, amalize na yako. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya namna yake, ile rangi nyekundu inayobeba hewa ndani ya damu. Akishazaliwa, mwili huizima ile ya kichanga na kuwasha ya utu uzima, na mambo yanaendelea bila mtu kujua kwamba kuna swichi imebonyezwa. Lakini huku kwetu kaskazini, kuanzia Chiang Mai mpaka milimani, ni nadra kukuta ukoo usio na mgonjwa wa thalasemia. Kwa hao, himoglobini ya utu uzima ni mbovu tangu kwenye jeni zenyewe. Chembe za damu zinavunjika, mtoto anapauka, bandama inavimba, na maisha yanakuwa ya kitanda cha hospitali na mfuko wa damu ya mtu mwingine. Laiti ile ya kichanga isingezimwa, mtu angetembea zake.

Basi Phikun alikuwa ametumia miaka minne ya shahada ya uzamivu akimsaka huyo mzimaji. Ni kitu gani kinachoizima damu ya kichanga, na kwa nini kwa watu wachache mno kinasahau kazi yake?

Phu alikuwa mmoja wa hao wachache. Dada yake Rung, mwenye ugonjwa uleule na jeni mbovu zilezile, alikuwa akiongezewa damu kila mwezi tangu utotoni. Phu yeye anapanda milamyai, miti ya matunda matamu ya baba yake, kuchuma, anacheza mpira wa kitunga, ule wa henzirani upigwao kwa miguu, mpaka giza liingie, na hospitali anaijua kwa kumsindikiza dada. Mahali fulani ndani ya mwili wa kijana yule swichi ilikuwa haijazimika sawasawa. Phikun aliitaka swichi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na tusimfichie: aliitaka kuliko hata yule mchumba wa Lampang aliyechoka kumsubiri.

Tatizo ni kwamba vinasaba vya mtu mmoja vina tofauti ndogondogo mamilioni. Ili ujue ipi ina maana, sharti uifuate ndani ya familia: imetoka kwa baba au kwa mama, dada anayo au hana. Damu ya baba yao, mzee Inta, ilichukuliwa hospitalini siku aliyompeleka Rung. Ya mama, Phikun aliifuata mwenyewe kijijini Huai Som, wilaya ya Phrao, msimu wa lamyai. Alimkuta mama mnene mwenye sauti ya mnadani, Lamduan, aliyekunja mkono wa blauzi kabla hata hajaombwa.

"Wewe ndiye mama yake Phu?"

"Ndiye mimi! Muulize kijiji kizima."

Akachomwa, akacheka, akaondoka. Kulikuwa na mwanamke mwingine pale, mwembamba, aliyeleta maji na kurudi jikoni bila neno. Phu alimwita shangazi. Phikun akamshukuru shangazi kwa maji, akapanda gari.

Majibu ya damu ile ndiyo yaliyomkalisha Phikun chini hatimaye. Kila binadamu huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, wala hakuna punguzo. Nusu ya mzee Inta ilikaa barabara kwa watoto wote wawili. Nusu ya mama haikuwemo. Si kwa Phu, wala kwa Rung. Yule mama alikuwa mgeni kwa watoto wake kama mpita njia.

"Umechanganya mirija," alisema Mwalimu Chintana, msimamizi wake, bila kuinua macho.

"Mwalimu, nimerudia mara mbili."

"Basi umeichanganya mara moja, ukarudia kosa mara mbili."

Mek akajaribu kusaidia, na msaada wa Mek huwa hivyo. "Labda mzee Inta alikuwa na mke wa siri. Au watoto walibadilishwa hospitalini. Nilishaona kwenye tamthilia."

"Wote wawili?" Phikun akamkata jicho. "Kwa miaka sita tofauti? Na baba akabaki yuleyule?"

"Mie natoa mawazo tu."

Mwalimu Chintana alivua miwani, na alipovua miwani watu walijua maneno yanakuja. "Phikun, nisikilize. Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Familia isiyoeleweka haiingii kwenye tasnifu ya mwanafunzi wangu. Bila familia hii huna sura ya tatu, na bila sura ya tatu huna shahada. Ufadhili wako nao unaisha. Nenda kachukue damu upya, na safari hii hakikisha unajua ni ya nani."

Maneno ya mwisho yalimchoma. Damu ya nani? Alimchoma mwanamke yule kwa mkono wake mwenyewe! Kabla ya kuondoka, Phikun, mtu wa sayansi, mtu anayemcheka mama yake kwa kwenda kwa waganga, alipita kwenye kibanda cha mizimu nyuma ya jengo, akaweka sadaka, chupa ya soda nyekundu na mrija wake, akapiga magoti. Palikuwa na chupa nyingine nyingi. Ulikuwa msimu wa wanafunzi kuwasilisha kazi zao.

Huai Som walimpokea kwa wali wa kunata na pilipili za kuchoma, maana huko mgeni haanzi na shida zake, anaanza na chakula. Lamduan alifika akiwa amekwishakunja mkono. Phikun alikaa naye barazani akitafuta pa kuanzia. Utamwambiaje mtu kwamba damu yake imemkana mwanawe? Akaona aanzie mbali.

"Mama, samahani nikuulize. Phu ulimzalia hospitali gani?"

Lamduan akamtazama, akaangua kicheko kilichowafanya kuku watawanyike. "Kumzaa? Mwanangu, mimi sikumzaa! Nilimnunua!"

"Ulim... nini?"

"Nilimnunua! Kwa pesa, bati tano, sarafu, mkononi. Alikuwa kwenye ungo hapohapo ulipokaa, kachanga ka siku tatu, kamekonda kama kijiti. Bibi yake akautikisa ungo, akauliza kwa sauti, mtoto wa nani huyu, mwenyewe aje amchukue, la sivyo mizimu wabebe. Nikaitikia wangu! Mimi nina wanangu watano, wote manyati, mizimu hawajawahi kunigusia hata mmoja. Tangu siku ile akawa wangu. Na si unamwona alivyo?"

Phikun alijipiga paji la uso mpaka pakalia. Jamani! Kaka yake mwenyewe, wa tumbo moja, aliuzwa hivyohivyo kwa muuza tambi wa Lampang alipougua uchangani, na mpaka leo kila mwaka mpya anaenda kummiminia maji mikononi kwa heshima na kumwita mama. Phikun amekula tambi za yule mama maisha yake yote. Alijua kwamba mtoto wa ungo hufundishwa kumwita mnunuzi mama, na mamaye mzazi shangazi, ili mizimu wakija wakute mlango sio. Alijua yote hayo tangu hajaanza shule, kisha akavaa koti jeupe akasahau kuuliza. Asiyeuliza hana ajifunzalo, hata awe na digrii ngapi.

"Mama aliyemzaa ni nani?" aliuliza, na tayari amesimama.

Lamduan akaelekeza kidevu jikoni. "Si huyo anayekupikia."

Mwanamke mwembamba alikuwa akimenya pilipili za kuchoma kwa vidole vilivyozoea moto. Jina lake Buakham. Alikuwa amesikia yote, na hakugeuka.

"Mama Buakham," alisema Phikun akichuchumaa kando yake, "kumbe ni wewe! Nimekutafuta mwezi mzima. Naomba damu yako, kidogo tu, kijiko kimoja."

"Hapana, mwanangu."

"Haiumi sana."

"Siogopi sindano," alisema Buakham. "Naogopa kitakachoonekana."

Hapo Rung akatoka chumbani kwa hatua za mtu anayebana nguvu zake, akaketi juu ya gunia la mchele. Alikuwa na miaka ishirini na sita na uso wa manjano, na ulimi wake ulikuwa na afya kuliko vyote alivyokuwa navyo. "Mama, mie wananitoboa kila mwezi kama chujio. Wewe mara moja tu unaleta maringo?"

"Usinicheke, Rung." Buakham aliweka pilipili chini. "Dada yako huyu alipokuwa mdogo," alimwambia Phikun, kana kwamba Rung ni wa Phikun pia, "daktari alitukalisha, akasema nusu ya ugonjwa imetoka kwa baba, nusu imetoka kwako, mama. Kwangu! Mzee akatikisa kichwa, akaenda shambani. Mimi nilibaki na neno lile, nikilala nalo, nikiamka nalo. Nilipojifungua Phu nikamwona naye dhaifu, nikasema huyu nitamtoa mikononi mwangu kabla sijammaliza. Nikamuuza kwa Lamduan, na akapona. Kisha mkaja nyie kutafuta kilichomponya. Phu aliniuliza amwite mama yupi aje kuchomwa. Nikamwambia, mwite aliyekuponya. Yangu mnaitakia nini? Yangu ina ugonjwa tu."

Phikun alitaka kulia na alitaka kumkumbatia, na kwa kweli alitaka pia damu ile kuliko pumzi. Angeweza kumwambia uongo mtamu. Hakuthubutu. "Mama, siwezi kukuahidi kitu. Huenda nisione lolote. Lakini mama Lamduan nimeshampima. Kwa Phu hakuna kitu chake, hata punje."

"Hata punje?" Lamduan alikuwa amejaa mlangoni. "Na vile ninavyomlisha?"

"Hata punje, mama. Nisamehe."

Lamduan alinuna kidogo, kununa kwa haki kabisa. Kisha akaingia, akamshika Buakham kwapani kama anayenyanyua kapu. "Haya, inuka ukachomwe. Miaka ishirini nimebeba sifa ya kumponya mtoto huyu, kila msiba na kila harusi naelezea. Kama sifa si yangu, nitaitua. Kama ni ya mzee Inta, tutaenda kumpigia makofi. Lakini mimi siwezi kufa sijui! Inuka, Buakham."

Buakham akainuka. Akatoa mkono, akageuza uso ukutani, na damu ilipoanza kuingia kwenye mrija akafumba macho.

Majibu yalitoka siku ya Jumanne, saa ya chakula cha mchana, watu wote wameshuka kula. Phikun alibaki na maandazi ya mvuke ambayo hakuyagusa. Safari hii kila kitu kilikaa mahali pake: nusu ya baba, nusu ya mama, kwa Phu na kwa Rung, bila mshono kuonekana. Sura ya tatu ilikuwa imefufuka. Angeweza kutosheka na hilo, akala maandazi yake.

Akaanza kufuatilia kile alichonacho Phu na Rung hana. Akachuja, akachuja tena. Zikabaki tofauti chache, na mojawapo ilimfanya aweke mkono mdomoni. Ilikuwa herufi moja tu iliyobadilika. Haikuwa ndani ya jeni yenyewe. Ilikuwa pembeni, kwenye kipande kinachoiamuru jeni nyingine ifanye kazi kwa nguvu au kwa uvivu. Na jeni hiyo nyingine kazi yake nini? Kuizima damu ya kichanga! Ndiye mzimaji mwenyewe, nyapara anayepita kufunga mabomba, na kwa Phu nyapara huyo alikuwa anasinzia. Phikun akafungua faili la Buakham. Herufi ileile. Akaangalia kipimo cha damu ya Buakham: himoglobini ya kichanga ilikuwa juu kuliko kawaida, mwanamke wa miaka hamsini ambaye hakuna aliyewahi kumpima chochote. Mama huyu alikuwa amebeba mfukoni mwake sumu na dawa yake. Kwa Phu alivitoa vyote viwili. Kwa Rung ilitoka sumu peke yake.

Mek aliporudi alimkuta juu ya kiti. Amesimama juu ya kiti, viatu pembeni.

"Dada Phikun, kuna panya?"

"Ni mama yake! Mek, ni mama yake! Katoka kwake! Yule aliyekuwa jikoni!"

Mwalimu Chintana aliitwa, akasoma, akavua miwani. "Rudia," alisema. Phikun akarudia. "Arudie mwingine." Mek akarudia. Yakawa yaleyale. Mwalimu akatoa pochi na kumtuma Mek akalete kahawa ya barafu ya jengo zima, na wenye kumbukumbu wanasema haijapata kutokea. "Bado hujathibitisha," alimwambia Phikun, lakini alikuwa anatabasamu. "Iweke herufi hiyo kwenye chembe hai. Nyapara akisinzia na huko, hapo tutasema."

Kamati iliipitisha familia. Mvua zote za mwaka ule Phikun alizimalizia kwenye chumba cha kuoteshea chembe, akizilea kama watoto, akizibadilishia chakula, akizisemesha. Na asubuhi moja kipimo kikapanda. Chembe zilizopewa herufi ya Buakham zilikuwa zikitengeneza himoglobini ya kichanga, na zile zisizopewa hazikutengeneza. Alipiga mayowe yaliyowatoa watu wa ghorofa ya juu wakidhani ni moto.

Aliomba ruhusa ya kwenda kuwaeleza wenyewe, na alipoipata alienda siku hiyohiyo, nusu ya njia akiimba peke yake ndani ya gari.

Walikaa wote barazani: mzee Inta na kofia yake magotini, Phu, Rung, Lamduan ambaye hakualikwa wala hakuhitaji mwaliko, na Buakham mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Phikun alikuwa amejiandalia maneno mazuri ya hatua kwa hatua. Yalimpotea yote.

"Mama Buakham, kilichomlinda Phu kimetoka kwako. Hakikutoka kwa baba wala kwa ungo. Kimo kwenye damu yako, umezaliwa nacho, ukampa ukiwa hujui."

Lamduan ndiye aliyeanza kutoa machozi, mikono yote miwili mdomoni. Phu alimtazama mwanamke aliyemwita shangazi maisha yake yote, akasogea kwa magoti, akainamisha kichwa mpaka kikafika miguuni pake. "Mama," alisema.

Buakham aliweka kiganja juu ya kichwa chake. Kisha akamtazama Rung, na furaha ikamkatika usoni.

"Na huyu? Kwa nini huyu sikumpa?"

Phikun alisema kweli aliyonayo, kwamba mzazi hachagui, kwamba kila mtoto huchotewa nusu bila mtu kuangalia, na kwamba Rung hakuangukiwa na kile kipande. Alisikia maneno yake yalivyo madogo.

Rung ndiye aliyecheka. "Mama, tangu lini mie nikapata kitu kabla ya Phu? Hata paja la kuku analichukua yeye." Kisha akamgeukia Phikun, na utani ukamtoka. "Lakini sasa mnajua kipo. Mnajua kinakaa wapi na kinafanyaje."

"Tunajua."

"Kitu mnachokijua kilipo, kinaweza kutengenezwa siku moja nikapewa na mie?"

"Watu wanajaribu," alisema Phikun. "Inachukua muda, dada Rung, na sikudanganyi. Ila jana nilikuwa sina pa kuanzia. Leo ninapo. Nitahitaji damu nyingine ya mama, nyingi kuliko ile, na zaidi ya mara moja."

Kabla hajamaliza, Buakham alikuwa amesimama. Alimpita mumewe, akampita Lamduan, akaketi mbele ya Phikun, akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, na safari hii hakutazama ukuta.

"Chukua."

"Mama, leo nimekuja kuwapa habari tu. Sina hata sindano."

"Umetoka Chiang Mai yote hiyo bila sindano?" Buakham alipaza sauti, na nyumba nzima ikashtuka kumsikia. "Basi kesho rudi nayo. Asubuhi! Njoo na chupa kubwa."